Nyumba ya padri ya zama za Malkia Victoria: tumekataliwa kubomoa ukuta mmoja wa ndani. Urithi upo wapi hapo?

MamaLidya

Wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu.

Naomba msaada, hasa kwa walioko huku Uingereza na wanaojua majengo ya zamani. Mimi ni Mwanglikana wa kuzaliwa, nimekulia Muheza, kwa hiyo kengele ya misheni ya Magila ndiyo iliyokuwa ikituamsha. Sasa nina miaka kumi na moja katika mji mmoja wa kaskazini, kitongoji cha pembezoni. Kanisa letu ni la matofali mekundu, na kando yake, ndani ya ua huohuo, ipo nyumba ya padri. Ni kubwa: ghorofa moja juu na vyumba vya darini, paa lenye mteremko mkali, dohani tatu za moshi. Padri wetu wa sasa anahudumia mitaa mitatu ya kanisa (parokia) na anakaa kwingine, kwa hiyo nyumba haina mtu. Sisi wa ibada ya Kiswahili, Jumapili saa nane mchana, tumeruhusiwa kuitumia kwa chai na mafundisho ya watoto. Tunafika hamsini siku nyingine, na tunabanana kweli.

Baraza la kanisa letu likakubaliana mambo mawili. Kwanza, tubomoe ukuta kati ya kichumba kilicho karibu na lango la mbele na sebule, tupate ukumbi mmoja. Pili, madirisha ya mbao yanayopitisha upepo yatoke, yaingie ya plastiki yenye vioo viwili. Tukachangishana. Sasa halmashauri imetuandikia kwamba nyumba imo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, Daraja la Pili, na kwamba kile kichumba ni sehemu ya umuhimu wake wa kihistoria. Hakuna kubomoa, na plastiki hawaitaki.

Kinachonichanganya ni hiki. Mwaka juzi tulitoa mabenchi manne kanisani ili viti vya magurudumu vipate nafasi. Tuliomba kibali dayosisi, tukapewa, halmashauri haikuulizwa chochote. Inakuwaje kanisa lenyewe dayosisi inatosha, halafu nyumba ya kulala padri haitoshi? Na umuhimu wenyewe ni upi? Nimeuliza wazee wa hapa, hakuna mtu mashuhuri aliyewahi kukaa humo. Ni mapadri tu wa kawaida, mmoja baada ya mwingine.

Fedha hizi zimetolewa na watu wanaosafisha ofisi usiku. Nataka niwape jibu la kweli Jumapili ijayo.

---

Ombeni_Leicester

Pole dada. Mimi nitasema ninavyoona. Hawa wenzetu wanapenda kuta kuliko watu. Nyumba iliyojengwa enzi ambazo babu zetu walikuwa wanagawanywa kwenye ramani, leo sisi ndio tunaijaza na kuipasha moto, halafu tunaambiwa tusiguse. Kanisa ni watu. Pigeni picha za chumba hicho, wekeni kwenye makumbusho, halafu mpanue. Watoto wanahitaji nafasi leo.

---

FundiChokaa

Marahaba mwanangu. Na wewe Ombeni, uchungu wako nauelewa, nitakufikia.

Nimezaliwa Malindi, Mji Mkongwe, Unguja. Kazi ya chokaa nilifundishwa na marehemu baba yangu, na huu ni mwaka wa kumi na tisa natengeneza nyumba za zamani Bristol na vijiji vyake. Nyumba za mapadri nimefanya sita. Nitakwenda kwa kirefu kwa sababu swali lako lina maswali matatu ndani yake.

La sheria ni jepesi, nilimalize. Kwa Uingereza, makanisa ya Kianglikana yana msamaha: jengo likitumika kwa ibada, mabadiliko yake hupitia utaratibu wa kanisa lenyewe, ndiyo maana mabenchi yenu yaliishia dayosisi. Lakini Sheria ya mwaka 1990 ya majengo yaliyoorodheshwa, kifungu cha 60, imesema wazi kwamba nyumba anayokaa mhudumu wa dini ili atekeleze kazi yake haihesabiwi kuwa jengo la kanisa. Kwa hiyo nyumba ya padri iko sawa na nyumba ya mtu mwingine yeyote iliyoorodheshwa: kibali ni cha halmashauri. Na usidharau neno "Daraja la Pili". Zaidi ya tisini katika kila mia ya majengo yaliyoorodheshwa yako daraja hilo, na kinga yake inaingia mpaka ndani, hadi ngazi na milango. Kubomoa bila kibali ni kosa la jinai, mtu anaweza kufungwa. Kuna na jambo jingine ambalo baraza lenu huenda halikuambiwa: nyumba hiyo si mali ya baraza. Kwa kawaida huwa mikononi mwa padri mwenye mtaa kwa cheo chake, na matengenezo yake husimamiwa na bodi ya dayosisi ya nyumba za mapadri. Anzeni huko kabla hamjampa fundi hata senti.

Sasa la umuhimu. Hapa nataka unisikilize vizuri, maana wengi wanadhani nyumba inalindwa kwa kuwa ni nzuri au kwa kuwa mkubwa fulani alilala humo.

Hebu jiulize kwa nini nyumba hiyo ipo. Zamani mapadri wengi wa Uingereza hawakuwa wakikaa kwenye mitaa yao. Mmoja alishika mitaa miwili mitatu, akala mapato ya yote, akaishi mjini. Mwaka 1776 ikapitishwa sheria ya kuwakopesha fedha za kujenga nyumba, na mwaka 1838 ikaja nyingine iliyobana wale wa kushika mitaa mingi na kuwataka wakae na watu wao. Halafu miji ikafura. Viwanda, reli, nyumba za wafanyakazi safu kwa safu, na hakuna kanisa karibu. Sheria ya 1843 ikaruhusu mtaa mpya uundwe na padri apelekwe hata kabla kanisa halijajengwa. Kwenye vitongoji vya namna hiyo, kanisa, skuli na nyumba ya padri vilitoka pamoja kama watoto wa tumbo moja, mara nyingi kwa mchoro wa mtu mmoja. Ukitaka kuona mfano kamili nenda Boyne Hill, Maidenhead. George Edmund Street alijenga pale kanisa, nyumba ya padri, skuli na nyumba za maskini kati ya 1854 na 1857, vyote vimezunguka uwanja mmoja. Mimi nilisimama pale asubuhi moja na mvua, nikaelewa kwamba kuitazama nyumba peke yake ni kama kusoma ukurasa mmoja uliochanwa kwenye kitabu.

Hata matofali yenu yanasimulia. Kodi ya vioo ilifutwa 1845, ya matofali 1850, ya madirisha 1851. Reli nazo zikaleta vigae vya mawe ya Wales mpaka mahali ambapo zamani paa lilikuwa la nyasi au udongo. Nyumba ya matofali mekundu yenye vioo vipana kwenye kitongoji ni mtoto wa miaka hiyo hasa.

Tena nyumba hizi ndogo za makanisa zimefundisha nyumba nyingine zote. Hapa karibu na kwangu, Coalpit Heath, William Butterfield alijenga kanisa na nyumba ya padri mwaka 1844 na 1845. Hakuweka nguzo za fahari wala dirisha la uongo ili pande mbili zilingane. Dirisha liko pale chumba kinapohitaji mwanga, basi. Philip Webb, aliyefanya kazi ofisini kwa Street, alizisoma sana nyumba za Butterfield, na mwaka 1859 akamchorea rafiki yake William Morris, mshairi na mbunifu, nyumba ya Red House kule Bexleyheath, ambayo watu husafiri kutoka nchi za mbali kuja kuiona. Mizizi yake ni nyumba za mapadri. Hao hao wawili ndio waliokuwa mbele mwaka 1877 kuanzisha chama cha kulinda majengo ya kale, na mpaka leo sisi mafundi tunafuata maneno yao: tengeneza kidogo kidogo kila siku, usibomoe ujenge upya.

Sasa kichumba chenu. Mwanangu, hicho ndicho moyo wa nyumba. Nyumba ya padri ya wakati ule ilikuwa nyumba ya familia na ofisi ya mtaa kwa pamoja, na mchoraji alilazimika kuzitenganisha bila kuzigombanisha. Sebule ilitazama bustani. Jiko liliwekwa nyuma. Chumba cha kusomea cha padri kiliwekwa mbele, kinaona njia ya kanisa, na mara nyingine kikawa na mlango wake mwenyewe, ili mjane aliyekuja kuomba mkaa au kijana aliyekuja kuandikisha ndoa aingie moja kwa moja, asipite mbele ya mke na watoto wa padri na wageni wao wa chai. Ukibomoa ukuta ule unabaki na chumba kikubwa, na hakuna atakayejua tena kwamba nyumba hii ilijengwa kwa ajili ya watu waliokuja na shida. Ndiyo maana nakwambia haihitaji mtu mashuhuri. Ombeni, hapa ndipo nakujibu na wewe: picha itaonyesha chumba, lakini haitaonyesha njia. Ingia humo kwa miguu yako ndiyo utaijua.

Nenda katazame, mwanangu. Tazama kama kuna mlango wa pembeni. Tazama vizingiti. Tazama jikoni kama umebaki ubao wa kengele za kuitia watumishi.

Madirisha. Usiyatoe. Mbao zake aghalabu ni msonobari wa pande za Baltiki, uliokua polepole kwenye baridi, pete zake zimebanana. Mbao kama hiyo huipati dukani leo. Upepo unaingia kwa sababu kamba za kupandishia na kushushia madirisha zimekatika na fremu zimelegea. Fundi anayejua atatoa vioo taratibu, atie puti mpya, abadilishe kamba, apachike brashi nyembamba pembeni. Halafu ombeni kibali cha kioo cha pili upande wa ndani, kinachofunguka. Kwa kawaida halmashauri hukikubali kuliko plastiki, na joto utalisikia.

La mwisho, na hili nalisema kama mtoto wa Unguja. Chukua ufunguo, kwaruza polepole kiungo kati ya matofali mawili. Kikitoka unga laini mweupe, hiyo ni chokaa, mshukuru Mungu. Kikiwa kigumu cha kijivu na ufunguo unateleza, kuna mtu alipaka saruji. Kwetu tunalijua jambo hili: ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kwenye tanuu unavuta maji na kuyatoa, unapumua. Ukiupaka saruji, chumvi na maji vinakwama ndani, na baada ya masika machache lipu inabanduka kwa vipande. Hapa ni vilevile, ila badala ya masika ni barafu. Maji yaliyokwama yanaganda, uso wa tofali unaruka kama ganda la muhogo. Nimeona nyumba ya padri iliyoharibika zaidi katika miaka thelathini ya saruji kuliko katika miaka mia ya kuachwa hivi hivi.

Nimechoka kuandika. Katazame, kisha urudi utuambie.

---

BiShangani

Assalaam aleikum nyote. Mie natembeza wageni hapa Unguja, na mzee Fundi kanigusa.

MamaLidya, kama mtu wa Magila hii nyumba inakuhusu kuliko unavyodhani. Edward Steere, aliyetuandikia kitabu cha sarufi ya Kiswahili kilichotoka 1870, kabla ya kuja Unguja alikuwa padri wa Little Steeping, kijiji cha Lincolnshire. Rafiki yake Askofu Tozer, wa misheni ileile iliyoanzisha Magila yenu, alikuwa padri wa Burgh-le-Marsh, mkoa huohuo. Walitoka kwenye nyumba za mapadri kama hiyo yenu, wakaja huku 1864 na namna ileile ya kufikiri: kanisa, skuli na makazi viwe pamoja.

Nenda Mbweni utaiona. Leo ni kitongoji cha mji, zamani lilikuwa shamba, Tozer alilinunua 1871. Ikajengwa skuli ya wasichana waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, na Bi Caroline Thackeray akaiongoza tangu 1877. Kanisa la Mtakatifu Yohana la 1882 bado lasaliwa. Lakini skuli haina paa. Kuta zimesimama, matao yamesimama, na miti imeota pale watoto walipokuwa wakisoma. Wageni huniuliza chumba kipi kilikuwa bweni na kipi darasa. Huwaonyesha kwa kidole hewani. Kila mara naumia, kwa sababu wasichana wale hawakuacha picha nyingi wala barua nyingi. Vyumba ndivyo vilivyokuwa ushahidi wao.

Ombeni kaka yangu, nyumba ya Kizungu si lazima iwe ya Wazungu peke yao.

---

MamaLidya

Mzee Fundi, dada wa Shangani, Mungu awabariki. Nimechelewa wiki mbili kwa sababu nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Nilikwenda Jumamosi na Lidya, binti yangu. Mlango wa pembeni upo. Miaka yote hii tumeupita tukidhani ni kabati, kwa sababu ndani umewekewa rafu za vitabu vya nyimbo na nje umefunikwa na kichaka. Tulipunguza matawi. Chini kuna kizingiti cha jiwe, na jiwe limelika. Lidya akalaza rula yake ya shule kutoka upande mpaka upande, na penseli ikapita chini ya rula, katikati, bila kugusa. Tukaenda mlango mkubwa wa mbele, wenye tao na vioo vya rangi, tukafanya vilevile. Penseli haikupita. Jiwe liko sawa.

Nilikaa kwenye kile kizingiti kwa muda. Nilifikiria miguu.

Ukutani pembeni yake kuna kichuma kimepachikwa kwenye jiwe, cha kukwangulia matope viatuni. Kwenye mlango mkubwa hakipo. Na jikoni, juu ya mlango, chini ya rangi nyeupe nyingi, kuna ubao wenye alama saba za mviringo pale kengele zilipokuwa. Herufi zinasomeka ukimulika tochi kwa ubavu. Ya kwanza kushoto ni ya chumba cha kusomea.

Niliyaeleza yote Jumapili baada ya ibada, nikawaonyesha na picha ya rula. Mama mmoja wa Bukavu, ambaye huwa haongei vikaoni, akauliza kama na yeye angekuwa hai wakati ule angepitia mlango upi. Nikamwambia ule mdogo. Akasema basi huo tuufungue.

Ofisa wa urithi wa halmashauri alikuja Jumanne pamoja na mtu wa bodi ya dayosisi. Nilikuwa namwogopa, kumbe ni binti mpole tu. Aliingia nyuma, kati ya jiko na chumba cha kuoshea vyombo, akagonga ukuta kwa vidole, ukalia kama debe. Akasema huo ni wa mbao nyembamba, uliwekwa baadaye sana, hauna umuhimu wowote, tukiuombea kibali hategemei kupinga. Tukapima: tunapata nafasi zaidi ya ile tuliyokuwa tunaitafuta mbele, tena karibu na maji na jiko la chai. Sehemu ya fedha iliyobaki itakwenda kwenye madirisha, kwa namna ulivyosema mzee. Viungo vya matofali nimevikwaruza pande zote nne, ni chokaa isipokuwa ukuta wa kaskazini, hapo kuna saruji na matofali kumi na mawili yamebanduka uso. Nimeyahesabu.

Kile kichumba kinabaki kilivyo. Tuna kijana anayejua barua za uhamiaji na kaka mmoja anayejua mambo ya nyumba za kupanga. Kila Alhamisi jioni watakaa humo, mtu aje na karatasi yake bila kupita mbele ya kila mtu kwenye chai. Watu wetu wana aibu na shida zao, nyie mnajua.

Swali langu la mwisho, mzee. Mlango umegandishwa na rangi, tabaka juu ya tabaka, sijui miaka mingapi. Vijana wanataka kuja na mashine ya msasa Jumamosi. Waje?

---

FundiChokaa

Wasije! Waambie leo hii.

Rangi za zamani namna hiyo zilitiwa madini ya risasi. Ukipiga msasa mkavu, vumbi lake linaingia kwenye mapafu na kwenye mikono ya watoto wanaosoma humo, na mtoto mdogo ndiye anayedhurika zaidi. Moto wa gesi pia hapana, moshi wake ni sumu na mbao inaungua. Dukani kuna vipimo vidogo vya kutambua risasi, nunua kimoja, lakini wewe fanya kama tayari umeikuta.

Kwa kuufungua tu huna haja ya kutoa rangi. Mwandikie yule ofisa barua pepe kwanza, mweleze unachotaka kufanya. Akikubali, tandika plastiki chini, vaa barakoa ya vumbi na glavu, lowesha kwa maji mstari ule mlango unapokutana na fremu. Chukua kisu chembamba cha puti, ukipitishe kwenye mstari huo taratibu, lowesha, pitisha tena. Itachukua asubuhi nzima. Vipande vyote vifute kwa kitambaa chenye maji, usifagie.

Anza upande wa bawaba, toka juu kwenda chini. Kitasa usikilazimishe, huenda ulimi wake umeshika kutu. Tone la mafuta, uache mpaka kesho. Ukiona hakigeuki nitumie picha yake kutoka pande zote mbili, na ya tundu la ufunguo.